Barua ya wazi: Mwanakemia asihitimu bila kukokotoa molekuli hata moja

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Kwa makamu wakuu wa vyuo na wakuu wa idara za kemia,

Yah: Kufundisha kemia kokotozi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mhitimu wa shahada ya kemia. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili halimhusu mtu mmoja wala chuo kimoja. Vijana wengi wanamaliza miaka mitatu ya kemia wakiwa wameuandika mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza tabia ya elektroni ndani ya atomu na molekuli, kwenye daftari, kwenye majaribio na kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, lakini hawajawahi kuutumia kupata jibu la swali lolote la kemia. Wanaujua kwa sura. Ukiwauliza unasaidia nini kwa mtu anayetaka kutengeneza dawa, betri au chujio la maji, wananyamaza, na si kosa lao.

Ombi langu ni moja. Kemia kokotozi, yaani kutumia kompyuta kukokotoa umbo, nishati na tabia ya molekuli, iwe somo la lazima la vitendo kuanzia mwaka wa pili, kama ilivyo lazima kwa kila mwanafunzi wa kemia kushika bureti. Isiwe somo la hiari, wala mada ya wiki mbili mwishoni mwa kemia ya kwanta, wakati kila mtu anawaza kufunga chuo.

Taaluma hii si mpya. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo wake, na mwaka 1929 Paul Dirac akaandika kwamba sheria zinazotosha kuieleza kemia yote zimekwisha kujulikana. Kikwazo ni kwamba milinganyo inayotokana nazo ni migumu mno kutatuliwa. Atomu ya hidrojeni, yenye elektroni moja, inatatulika kwa kalamu na karatasi. Heliamu, yenye elektroni mbili tu, haitatuliki kikamilifu. Kila kilichofuata ni juhudi za kukaribia jibu. John Pople na wenzake walitoa programu ya Gaussian mwaka 1970, na mwanakemia wa kawaida akapata chombo cha kukokotolea. Walter Kohn, katika kazi za mwaka 1964 na 1965, alionyesha kwamba badala ya kufuatilia kila elektroni peke yake unaweza kufuatilia msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1998. Mwaka 2013 tuzo hiyo ikaenda kwa Martin Karplus, Arieh Warshel na Michael Levitt, huyu wa mwisho akiwa mzaliwa wa Pretoria, kwa kuunganisha hesabu za kwanta na hesabu nyepesi zaidi ili kuchunguza molekuli kubwa kama vimeng'enya. Mwaka 2024 ikaenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kubuni na kutabiri maumbo ya protini kwa kompyuta. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tuzo ya Pople na Kohn leo ni mtu mzima mwenye shahada, na yawezekana kabisa alihitimu kemia bila kuyasikia majina haya.

Niruhusuni nieleze kinachopotea darasani, kwa sababu nadhani wengi mnaipima hasara hii kwa ajira na machapisho, wakati hasara ya kwanza ni ya uelewa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafundishwa kwamba molekuli ya kaboni dioksaidi hutikisika kwa namna nne. Mhadhiri anachora mishale ubaoni. Mwanafunzi ananakili, anakariri kwamba namna moja kati ya hizo haionekani kwenye spektra ya infraredi, na kwenye mtihani anarudisha alichokariri. Sasa mpeni mwanafunzi huyohuyo kompyuta mpakato ya kawaida yenye programu ya bure kwa wasomi kama ORCA, au Psi4 ambayo ni huria kabisa. Anaandika mistari michache: kaboni moja, oksijeni mbili, mbinu ya kukokotolea. Hata chai haijapoa, majibu yametoka. Anayafungua kwenye programu ya Avogadro na molekuli inaanza kucheza mbele ya macho yake: namna mbili za kujikunja zenye nishati sawa, namna moja ya oksijeni zote kuvutika nje kwa pamoja, na namna moja ya kuvutika kwa kupokezana. Anaona mwenyewe kwamba oksijeni zikitoka na kurudi kwa pamoja, chaji hubaki zimelingana pande zote mbili, ndiyo maana infraredi inapita bila kufyonzwa. Hana tena haja ya kukariri.

Kisha analinganisha na vipimo vya maabara. Kujikunja kunapimwa kwenye 667 kwa sentimita, kuvutika kwa kupokezana kwenye 2349. Namba zake ni kubwa kuliko hizo. Alitumia mbinu ya Hartree-Fock, na mbinu hiyo hukuza masafa ya mitikisiko kwa takriban asilimia 10. Hapo ndipo elimu inapoanza, kwa sababu lazima aulize kwa nini. Jibu ni kwamba mbinu hiyo huifanya kila elektroni ione wastani wa wenzake tu, bila kuhesabu jinsi elektroni zinavyokwepana. Anabadili mbinu, namba zinasogea karibu na ukweli. Amejifunza kuhusu mitikisiko, kuhusu elektroni, na kuhusu jambo ambalo mwanasayansi yeyote hulihitaji kuliko fomula: kila mbinu ina kosa lake, na mwenye kuijua kazi yake hulijua kosa hilo lina ukubwa gani. Mhadhiri akitaka kwenda mbali zaidi, anamwambia kwamba kujikunja huko kwa 667 ndiko kunakonasa sehemu kubwa ya joto la ardhini ambalo kaboni dioksaidi hulizuia, na mjadala wa tabianchi unakuwa kemia aliyoikokotoa yeye mwenyewe.

Fanyeni hivyo kwa ethani: izungusheni kifungo cha katikati hatua kwa hatua, mwanafunzi achore grafu na kuona kilima cha nishati cha takriban kilojuli 12 kwa moli. Fanyeni kwa molekuli ya parasetamoli, ambayo ina atomu 20 tu. Ni praktiko za mchana mmoja. Hazimwagi asidi, hazihitaji chemba ya kutolea hewa wala vitendanishi vinavyokaa bandarini vikisubiri kibali.

Katika chuo nilichosoma mimi, ambacho sitakitaja, somo hili lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya masomo ya hiari. Kila mwaka tulilisoma kwenye orodha, na kila mwaka tuliambiwa halitolewi kwa kuwa hakuna wa kulifundisha. Kemia ya kwanta yenyewe tuliisoma kwa madesa yaliyokuwa yamepita mikononi mwa madarasa mengi kabla yetu. Nilipoomba mradi wangu wa mwaka wa tatu uwe wa ukokotozi, nilijibiwa nichague kitu kinachowezekana. Aliyeniokoa ni mhadhiri msaidizi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje, ambaye hakuwa hata msimamizi wangu rasmi. Alinikalisha ofisini kwake jioni, akanionyesha namna ya kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye kompyuta niliyoazima, namna ya kuandika faili la kuanzia, na namna ya kusoma faili la majibu bila kuogopa urefu wake. Mengine nilijifunza usiku wa manane kwa bando la usiku, kwa sababu la mchana bumu halikulimudu.

Siku nilipopata pembe ya molekuli ya maji karibu kabisa na nyuzi 104.5, ile tuliyoikariri tangu sekondari, nilisimama. Hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye faili langu. Ilikuwa imetoka kwenye mlinganyo. Nilitamani darasa zima liwe pale. Nilifika kwa bahati ya kukutana na mtu mwema kwenye korido, na elimu ya taifa haiwezi kujengwa juu ya bahati ya namna hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya walimu wangu, lakini lisiposemwa mabadiliko haya yataharibika kabla hayajaanza. Kukosekana kwa mafunzo hakujazuia wanafunzi kutumia kompyuta. Kumewafanya waitumie vibaya. Miaka ya karibuni miradi mingi ya mwaka wa mwisho na tasnifu nyingi za umahiri zimekuwa za dokingi: mwanafunzi anachukua molekuli kutoka mmea wa dawa za asili, anashusha umbo la protini ya kimelea, anaziingiza kwenye AutoDock Vina, programu inayotafuta jinsi molekuli inavyoweza kukaa kwenye tundu la protini, na inampa namba. Namba ikiwa hasi zaidi kuliko ya dawa inayojulikana, anaandika kwamba mmea huo una uwezo wa kuwa tiba bora. Msimamizi anasaini. Wakati mwingine jarida linachapisha.

Waheshimiwa, namba hiyo haiwezi kubeba mzigo huo. Kosa la kawaida la makadirio ya programu za aina hiyo linafika karibu kilokalori 3 kwa moli. Kwenye joto la kawaida la chumba, kila kilokalori 1.4 ni tofauti ya mara kumi katika nguvu ya molekuli kushikamana na protini. Kwa hiyo molekuli mbili zinazotofautiana kwa kilokalori moja kwenye majedwali ya wanafunzi wetu haziwezi kupangwa ipi ni bora. Kosa la kipimo limeshameza tofauti yao. Hesabu hii inamchukua mwanafunzi dakika tano, akiwa amefundishwa uhusiano wa nishati huria na kigezo cha msawazo, ambao umo kwenye mtaala wetu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba vitu hivi viwili vinahusiana.

Silaumu dokingi yenyewe. Ni chombo kizuri cha kuchuja maelfu ya molekuli ili maabara ipewe chache za kujaribu. Ninachokilaumu ni kumpa kijana kitufe cha kubonyeza bila kumpa kemia iliyo nyuma yake.

Angalieni jinsi kazi hiyo inavyofanywa na watu waliosomea. Wengi wetu tunaijua SP, dawa wanayopewa wajawazito kliniki kuwakinga na malaria. Nchini kwetu ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2001 hadi ilipopisha dawa mseto ya ALu mwaka 2006, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Sehemu ya usugu huo ni hadithi ya atomu chache. Kimeng'enya cha kimelea kinachoshambuliwa na pirimethamini, mojawapo ya viambato viwili vya SP, kilibadilika kwenye nafasi ya 108: asidi amino ya serini ikawa asparagini, ambayo ni kubwa zaidi, na ikaanza kugongana na atomu ya klorini iliyo kwenye dawa. Wanasayansi wa Thailand walichapisha umbo la kimeng'enya hicho mwaka 2003, kisha wakabuni molekuli yenye mkia unaojikunja na kukwepa mgongano huo. Wakaiita P218. Thailand ni nchi yenye malaria kama sisi. Haikusubiri dawa ibuniwe mahali pengine. Na faili la umbo la kimeng'enya hicho liko kwenye hifadhi ya wazi ya protini, Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971. Mwanafunzi wa Mbeya anaweza kulishusha leo bila kulipa hata shilingi, akapima umbali kati ya klorini na asparagini kwa macho yake. Na sasa kwa kuwa kimelea chenye mabadiliko ya R561H, yanayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa lililomo kwenye ALu, kimeonekana Rwanda na kwetu Kagera, ningependa vijana wanaojua kusoma umbo la protini wawe wengi mkoani Kagera kuliko walivyo.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni hisabati.

Wanaokuja kusoma kemia wengi wanatoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Kidato cha tano na sita walisoma hisabati tumizi ya msingi, ile BAM, nayo waliichukua kama mzigo wa kupita nao, maana uzito wa matokeo uko kwenye masomo matatu ya tahasusi. Wanafika chuoni, muhula wa kwanza wanawekwa kwenye ukumbi mmoja na wahandisi na wanafizikia, wanasoma kalkulasi ya uthibitisho mtupu, wengi wanakula sapu, na wanaobaki wanachukia hisabati maisha yao yote. Mwaka wa pili au wa tatu anakuja mhadhiri wa kemia ya kwanta na kuwaambia kwamba nishati ya molekuli ni thamani maalumu (eigenvalue) ya matriki. Nani atamwelewa?

Wanakemia wanahitaji hisabati yao, ifundishwe na mtu anayejua itatumika wapi: matriki, vekta, milinganyo ya tofauti iliyo rahisi, takwimu za makosa ya vipimo, na uandishi wa programu kwa Python. Muhula mmoja wa kitu hicho, kikifundishwa kwa mifano ya molekuli, utafanya zaidi kuliko mihula miwili ya kalkulasi ya ukumbi mkubwa. Mwanafunzi atengeneze mwenyewe matriki ya Hückel ya butadieni, ya mistari minne na safu nne tu, aipe kompyuta, apate viwango vinne vya nishati vya elektroni za pai. Akishaona kwamba viwango vile ndivyo vinavyoeleza kwa nini molekuli zenye mnyororo mrefu wa vifungo viwili kwa kupokezana zina rangi, kama karotini ya karoti, hatasahau thamani maalumu ni nini. Ombi hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji idara mbili kukaa meza moja na kukubaliana.

Kuhusu mashine nitakuwa mfupi, kwa sababu naona mazungumzo yetu yote huishia hapo na kukwama. Kwa kufundishia shahada ya kwanza hatuhitaji kompyuta kuu. Maabara moja ya kompyuta za kawaida zenye Linux, seva moja ya wastani kwa idara, na betri za kuhimili umeme unapokatika, vinatosha kwa kila nilichokitaja hapo juu. Programu ni za bure au huria: ORCA, Psi4, GAMESS, Quantum ESPRESSO kwa yabisi na metali, GROMACS kwa mwendo wa protini. Naomba pia vyuo vikomeshe kabisa mtindo wa kupeana kwenye flashi programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Unamfundisha kijana wizi, na siku atakapotaka kuchapisha kazi yake ataulizwa leseni.

Mashine kubwa inahitajika kwenye utafiti, na sababu yake mwanafunzi mwenyewe anapaswa kuijua. Gharama ya mbinu inayoaminika kuliko nyingi, ile ya klasta zilizounganishwa ijulikanayo kama CCSD(T), hupanda kwa kipeo cha saba cha ukubwa wa molekuli. Molekuli ikiwa kubwa mara mbili, kazi ni mara 128. Chuo kimoja kimoja hakiwezi kushindana na namba hiyo. Afrika Kusini walijenga kituo kimoja cha taifa, na kompyuta yao ya Lengau, iliyozinduliwa mwaka 2016 na yenye uwezo wa petaflopu moja, yaani hesabu milioni bilioni kwa sekunde, inatumiwa na watafiti wa vyuo mbalimbali kwa mbali. Sisi tunao mtandao wa elimu na utafiti, TERNET. Serikali ilichukua mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, na sote tunaona majengo yanavyoinuka na mitaala inavyopitiwa upya. Ninaloomba ni kwamba fedha ya maabara inapogawanywa, sehemu yake iende kwenye klasta moja ya pamoja, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ambayo mwanafunzi wa Dodoma, Mbeya au Zanzibar ataingia kwa nywila yake. Zikinunuliwa mashine ndogondogo kumi, kila moja ikafungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao mtu mmoja, tutakuwa tumetupa fedha.

Walimu wapo, wachache, na wanachoka. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret, jirani zetu hapa. Kazi ya ukokotozi imeendelea kukua pale tangu wakati huo. Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, wamechapisha kazi za kukokotoa makundi ya ioni za chumvi za metali. Profesa Liliana Mammino wa Chuo Kikuu cha Venda ametumia miaka mingi kukokotoa molekuli za mimea ya dawa ya Afrika na kuandika juu ya kuifundisha kemia hii kwenye mazingira yetu. Watu wa kuuliza hawajakosekana. Lakini mhadhiri msaidizi anayerudi na ujuzi huu anapangiwa kufundisha kemia ya jumla kwa mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na muda wake wa jioni, ule alionipa mimi, hauhesabiwi popote kwenye kupandishwa cheo. Hesabuni muda huo. Mpeni somo lake alifundishe, mpeni mkufunzi wa maabara wa kompyuta kama wanavyopewa wenzake wa maabara ya kemia hai, na mwaka mmoja kati ya miwili mpelekeni kwenye shule za namna hiyo akafunzwe zaidi.

Najua jibu ambalo wengi watanipa, kwa sababu nimeshalisikia: tukamilishe kwanza maabara za kawaida, vitendanishi havitoshi, mashine ya NMR ya kutambua muundo wa molekuli hakuna, kompyuta baadaye. Naliheshimu jibu hilo, maana linatoka kwa watu wanaofundisha kila siku katika uhaba. Lakini ukokotozi hauchukui nafasi ya maabara. Unaiambia maabara wapi pa kuanzia. Chukueni fluoridi kwenye maji ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima vyetu vinavyopita hapo mara kadhaa, na meno ya watoto yanaonyesha. Mifupa iliyochomwa hunasa fluoridi kwa sababu ya madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo. Ioni ya fluoridi inakaa wapi hasa kwenye uso wa madini hayo? Ioni gani nyingine kwenye maji inaipokonya nafasi? Maswali hayo mwanafunzi mwenye seva anaweza kuyakokotoa muhula mzima, kisha akaingia maabara na majaribio matatu badala ya thelathini. Palipo na uhaba wa vitendanishi, kuchagua vizuri cha kujaribu kuna thamani kubwa zaidi kuliko pale vilipojaa. Vivyo hivyo kwa grafaiti ya Mahenge na nikeli ya Kabanga, tunayosema kila siku kwamba itaingia kwenye betri za dunia. Nani kati ya wahitimu wetu anaweza kukokotoa jinsi lithiamu inavyopenya kati ya matabaka ya grafaiti? Tutaendelea kuuza mawe kwa watu wanaojua jibu.

Na kwa wale wanaoshika bajeti, nasema hivi bila kuzunguka: barua hii isitumike kama kisingizio cha kupunguza fedha ya vitendanishi. Mwanakemia aliyejua kompyuta tu, ambaye hajawahi kunusa ester yake mwenyewe au kuona mashapo ya chumvi yakishuka kwenye mrija, atayaamini majibu ya kompyuta yote, hata yale ya kipuuzi. Chuo kitakachofunga maabara yake ya kawaida na kununua kompyuta mpakato kitakuwa kimewadhulumu wanafunzi wake mara mbili.

Kuhusu mtihani, naomba somo hili lisipimwe kwa saa tatu za karatasi. Likipimwa hivyo litageuka madesa mengine. Mwanafunzi apewe molekuli yake, tofauti na ya jirani yake, aikokotoe kwa mbinu mbili, alinganishe na kipimo cha maabara kilichochapishwa, aandike ripoti fupi inayoeleza kosa limetoka wapi, na aitetee mbele ya walimu wawili kwa dakika kumi. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Samia Scholarship inawapeleka vyuoni vijana waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita. Vijana hao hawaogopi kazi ya namna hii. Wanachokikuta wakifika ndicho kinachonitia wasiwasi.

Wanaoripoti mwaka huu watafika mwaka wa pili baada ya miezi kumi na miwili tu. Ili wao wasome somo hili, seneti za vyuo zinapaswa kulipitisha ndani ya mwaka huu wa masomo, na idara zianze na hisabati ya wanakemia muhula wa pili. Nawaomba wakuu wa idara mtangaze hadharani ni nani katika idara yenu atakayelifundisha. Idara isiyo na mtu iseme hivyo, ili TCU ijue wapi pa kupeleka mhadhiri wa kuazima. Mimi na wahitimu wenzangu tuliojifunza kwa kuhangaika tuko tayari kuja Jumamosi kusaidia kuweka Linux na programu hizi kwenye kompyuta zenu, na kukaa na wanafunzi kwenye praktiko zao za kwanza. Hatuombi posho. Tunaomba tu ruhusa ya kuingia maabara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa Shahada ya Sayansi katika Kemia,
Morogoro